SITI BINTI SAAD, MFINYANZI ALIYEKUWA MWIMBAJI

Jina la Siti binti Saad wengi wetu tumelisikia, lakini habari za maisha yake ni wachache wazijuao.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi, kwa majirani zetu wa Tabora, na mama yake Mzigua. Walikuwa watu maskini wa ukoo wa watumwa, na hata mtoto wao alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa kazi yake.

Shule hakusoma. Mama yake alimfundisha kufinyanga vyungu, akawa akivipeleka mjini kuviuza, huku akiinadi bidhaa yake kwa kuimba. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza taarabu kwa mafundi wa muziki. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote alizihifadhi moyoni.

Siku zile taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi na mpishi wakaelewa. Wako waliomcheka kwa sura yake na asili yake. Naye akawajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928, mwaka ule ule reli ilipofika Mwanza kutoka Tabora, Siti na wenzake walisafiri mpaka Bombay, India, wakaimba katika santuri za His Master's Voice. Santuri hizo zikauzwa kote Afrika Mashariki.

Wimbo wake mmoja wahusu kesi ya Kijiti. Mwanamke mgeni, tena mja mzito, aliuawa. Kijiti, aliyemwua, akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mahakama ilikwisha kuamua. Lakini Siti aliuimba udhalimu ule hadharani, na watu hawakuusahau.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, aliyeonana naye siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake.

Ndugu zetu wanakwaya, sauti nzuri ni kipawa. Siti hakuitumia yake kuwafurahisha wakubwa tu, bali aliwasemea na wale wasiokuwa na msemaji. Ndiyo maana jina lake lingali likitajwa.