J. B. S. Haldane: kutoka mu migodi mpaka mu hesabu ya damu

Haldane hakufanya kazi ya uchimbaji, lakini masomo yake ya kwanza aliyapata chini ya udongo. Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1892 mu muji wa Oxford, Uingereza. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa munganga mwenye kuchunguza hewa yenye watu wanapumua ku kazi. Mwaka 1896, nyuma ya mulipuko mu mugodi wa makaa wa Tylorstown, ku Wales, wenye uliua watu 57, baba aliangalia maiti na kuona kama wengi hawakuuawa na moto wala na mawe. Waliuawa na gazi isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni. Njo yeye alishauri wachimbaji washuke na ndege mudogo mu tundu: ndege anaanguka mbele, na mutu anapata nafasi ya kukimbia.

Siku moja baba alishuka na mutoto wake mu mugodi wa North Staffordshire. Mu njia moja, gazi ya methani, yenye kuwaka moto, ilikuwa imejaa huko juu. Baba akamwambia mutoto asimame wima na kusema kwa sauti hotuba moja ya Shakespeare. Mutoto akaanza. Hakufika mbali, pumzi ikakatika, miguu ikalegea, akaanguka. Kumbe pale chini hewa ilikuwa muzuri. Vile njo alijua kama methani ni nyepesi kuliko hewa.

Tangu pale alizoea kujaribu mambo ku mwili wake mwenyewe. Mu vita vya kwanza, mwaka 1915, aliingia na baba yake mu chumba chenye gazi ya sumu juu ya kupima vifuniko vya uso vya askari. Mwaka 1939, sumarini Thetis ikazama na watu 99 wakafa. Haldane na wenzake wakajifungia mu chumba kidogo masaa mingi, juu ya kujua namna gani hewa chafu inaua mutu. Mu kazi za namna ile aliumia hata mifupa ya mugongo.

Ku universite ya Oxford alisoma hesabu, kisha Kilatini na Kigiriki. Diploma ya sayansi hakuwa nayo hata moja. Lakini ile hesabu njo ilimupa jina. Darwin alikuwa amefundisha kama viumbe vyenye kufaa zaidi njo vinabaki na kuzaa. Haldane alitaka kujua ni kwa mwendo gani. Mwaka 1924 alichukua mufano wa vipepeo vya usiku vya Manchester. Moshi wa makaa ulikuwa umefanya miti kuwa nyeusi, na ndege walikula vile vyeupe kwa urahisi. Mu miaka 50 hivi, karibu vyote vikakuwa vyeusi. Haldane alipiga hesabu, akaona kama ile haraka inaomba hivi: pale vyeupe vinaacha watoto 2, vyeusi vinaacha 3. Yeye, Fisher na Wright njo walijenga hesabu yenye wanabiolojia wanatumia mpaka leo.

Mwaka 1949 alitoa wazo lenye kutugusa sisi wenyewe. Watu wa pembeni ya bahari ya Mediterane walikuwa na ugonjwa wa damu wa uridhi, talasemia. Kama unaua watoto, sababu gani hauishi? Haldane alifikiri kama mutu mwenye kubeba nusu tu ya ule ugonjwa anashindana na malaria vizuri kuliko wengine. Mwaka 1954 Anthony Allison, munganga aliyekomea Kenya, akaonyesha ile kinga kwa watu wenye kubeba drepanositozi, ile tunaita SS.

Njo maana S iko mingi mu inchi za mbu. Haitoki ku uchawi, na si kosa la mama peke yake. Baba AS na mama AS, kila mimba iko na nafasi 4: moja ya mutoto SS, mbili za AS, moja ya AA. Na kila mimba inaanza hesabu upya. Kuzaa mugonjwa mumoja hakulindi mwenye kufuata. Kupima damu mbele ya ndoa kunawapa vijana wawili nafasi ya kujua mapema, sawa ule ndege mu tundu.

Mwaka 1957 Haldane alihamia Inde, akafanya kazi Calcutta, akakuwa raia wa kule. Kanseri ilimuua tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1964, ku Bhubaneswar. Hata maiti yake aliiacha kwa wanafunzi wa unganga, wajifunze nayo.