Atiman, daktari wa Karema

Wengi tunalijua jina la Atiman kupitia hospitali ile ya Sumbawanga, lakini mwenyewe aliishi kwetu Katavi. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa mwaka 1876, baadaye wakampeleka Malta kusomea udaktari.

Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, watumwa wakiwa bado wanauzwa huku. Hebu fikiria, mtoto aliyewahi kuuzwa! Hakuwa na ndugu hapa, na kwa elimu ile angeweza kutafuta kazi kwingine. Hakuondoka. Hata malale yalipoukumba mwambao, alikuwepo. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67.