Beatson, Ng'ombe na Vidonge vya Shangazi

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilimkuta shangazi yangu ameacha kumeza tamoksifeni. Titi lilishafanyiwa upasuaji, hasikii maumivu, sasa vidonge vya nini? Tena vinamletea joto usiku hadi analoa jasho. Mimi nasoma baiolojia, lakini nilijua kumhubiria hakutasaidia. Nikamsimulia habari za daktari mmoja.

George Thomas Beatson alizaliwa mwaka 1848 huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akasomea udaktari Edinburgh, Uskoti. Akiwa bado kijana alipata kazi ya kumwangalia mgonjwa mmoja mashambani. Kazi chache, muda tele, basi akaandika tasnifu kuhusu utokaji wa maziwa. Hapo ndipo alipojua kwamba katika nchi fulani wafugaji walikuwa wakiwatoa ng'ombe ovari ili waendelee kukamuliwa kwa muda mrefu. Jambo hilo likamkaa kichwani. Kumbe ovari, zilizo mbali na titi, ndizo zinazolitawala! Je, haziwezi kuwa zinachochea na saratani yake?

Mwaka 1895, mjini Glasgow, alimpokea mama wa miaka 33 ambaye saratani yake ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Akamtoa ovari. Miezi ikapita, uvimbe ukanywea mpaka ukatoweka. Mwaka 1896 akachapisha habari hizo katika jarida la Lancet. Ugonjwa ulikuja kumrudia yule mama, na madaktari wengine walipojaribu njia hiyo, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ndiye aliyenufaika. Kwa nini huyu na si yule? Beatson alifariki mwaka 1933 bila kupata jibu.

Jibu lilianza kupatikana Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen alipogundua kipokezi cha estrojeni, homoni inayotoka hasa kwenye ovari. Estrojeni ikiingia kwenye seli hushikana na kipokezi hicho, kisha viwili hivyo hukaa juu ya DNA na kuwasha jeni, zikiwemo zinazoiamuru seli igawanyike. Saratani yenye vipokezi vingi hukua kwa amri hiyo. Isiyo navyo, hata ukitoa ovari, haijali.

Nikamwambia shangazi kwamba kidonge chake hukalia kiti cha estrojeni kwenye kipokezi, ili jeni zile zisiwashwe. Kama kuna seli za saratani zilizojificha, zikose amri ya kukua. Ndiyo maana humezwa miaka mitano au zaidi, hata kama mtu hasikii maumivu.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama na wale ng'ombe walipata joto usiku. Tukacheka. Jumatatu tukaongozana kliniki, akamweleza daktari habari za lile joto badala ya kuacha dawa kimyakimya.

Nawe mwenzangu, kama nyumbani kuna anayemeza vidonge hivi, ukienda likizo usimwulize tu anaendeleaje. Muulize kama bado anameza.