Godfrey Chitalu: magoli 107 yenye dunia haikuandika

Dimanshi mangaribi, wakati mupira umekwisha na watu wanatoka ku kiwanja cha Kikula, mabishano yanakuwa yale yale. Nani alipiga magoli mingi kupita wote? Vijana wanasema Messi. Baba zao wanasema Ndaye Mulamba. Lakini hakukosekane muzee mumoja, mwenye alitumika zamani kule Zambia, wa kusema kama wote hawajue kitu, juu hawakumuona Chitalu. Leo tunaeleza maisha ya huyo Chitalu. Njia yake ilianza mu kambi ya wafanyakazi wa shaba, sawa na kambi zetu.

Godfrey Chitalu alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kumi 1947, ku Luanshya. Ukipita Lubumbashi na Kasumbalesa, ukiendelea mbele kidogo, hauko mbali na muji huo. Udongo ni ule ule na shaba ni ile ile. Mupaka waliukata Wazungu. Wakati huo Likasi iliitwa bado Jadotville, na kazi ilikuwa ya Union Minière. Kule Luanshya, mungodi uliitwa Roan Antelope, na bwana wa inchi alikuwa Mwingereza. Lakini maisha ya mutoto wa kambi hayakuachana sana: nyumba za musitari, king'ora cha kazi, baba anaingia asubuhi ao usiku, na mupira mu mavumbi. Kompani za pande zote mbili zilipenda mupira, juu mutu mwenye anashangilia ekipe ya kazi yake anarudi ku kazi na moyo.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 mwezi wa kumi 1964. Chitalu alikuwa ametimiza miaka 17 siku mbili mbele. Kwa hiyo yeye na inchi yake walianza maisha ya ukubwa pamoja.

Alijulikana kwanza na ekipe ya Kitwe United. Pale watu walimupa jina la Ucar. Ucar ilikuwa alama ya pile za redio na za tochi, na watu waliona huyu kijana iko na nguvu ya pile mupya: anakimbia, anapiga, hachoke. Jina hilo lilimushika mupaka kufa. Hata leo, ukisema Ucar mbele ya Wazambia wazee, hawaulize unasema nani.

Kisha alienda ku Kabwe Warriors. Kabwe, yenye iliitwa zamani Broken Hill, ni muji wa mungodi wa risasi na zinki, tena ni muji wa treni. Warriors ilikuwa ekipe ya watu wa treni. Ilikamata shampiona ya Zambia mu 1970, 1971 na 1972. Na ni ule mwaka wa 1972 wenye unaleta mabishano mupaka sasa.

Mwaka huo, Chitalu alipiga magoli 107. Hesabu hiyo ni ya shirikisho la mupira la Zambia, wakiunganisha magoli ya shampiona, ya vikombe vya inchi, ya kombe la Afrika la ekipe, na ya ekipe ya taifa. Magoli 107 mu mwaka mumoja! Hiyo ni zaidi ya magoli mawili kila juma, bila kupumzika.

Sasa angalia kitu kimoja. Mu mwaka ule ule wa 1972, kule Ujerumani, Gerd Müller wa Bayern alipiga magoli 85. Ya Müller iliandikwa mu magazeti ya Ulaya, ikaingia mu vitabu, ikaitwa rekodi ya dunia. Ikakaa hivyo miaka 40. Ya Chitalu ilibaki mu makaratasi ya Zambia na mu vichwa vya watu wenye walikuwa ku kiwanja.

Mu mwezi wa kumi na mbili 2012, Messi alipita Müller, akamaliza mwaka na magoli 91. Dunia yote ikafurahi. Hapo Wazambia wakainua mukono: ngojeni, sisi tuko na mutu mwenye alipiga 107. Wabrazili wa Flamengo nao wakasema Zico alipiga 89 mu 1979. FIFA ikajibu kama yenyewe haichunge hesabu ya mashindano ya ndani ya kila inchi, kwa hiyo haiwezi kuhakikisha. Mambo ikaishia pale. Mu kichwa cha watu wengi duniani, rekodi ni ya Messi.

Tuseme ukweli: kulinganisha watu wa nyakati mbalimbali si kazi rahisi. Messi alicheza na mabeki wakali wa Ulaya, kila mupira unaonekana ku televizyo. Chitalu alicheza mu shampiona yenye ekipe zingine zilikuwa zaifu. Lakini Messi alicheza ku majani kama zulia, iko na madaktari na watu wa kumupikia. Chitalu alicheza ku viwanja vigumu, na safari za ekipe ku barabara ya mashimo. Ukitaka kupima mutu, pima pia udongo wenye alisimama juu yake. Muchimbaji anajua: tani moja ya mulima mulaini na tani moja ya jiwe gumu zina uzito mumoja ku mizani, lakini jasho si moja.

Na sisi Wakongomani tuko na wetu. Mu 1974, kule Misri, Ndaye Mulamba alipiga magoli 9 mu Kombe la Afrika moja. Mupaka leo hakuna mutu amefikia pale. Na ile finali ilikuwa na nani? Na Zambia. Mara ya kwanza 2-2, wakarudilia, Zaire ikashinda 2-0, na magoli yote mane yalikuwa ya Ndaye. Eto'o wa Kameruni alikuja kupiga magoli 18, lakini aliyakusanya mu makombe mingi. Kila mumoja iko na kipimo chake: Ndaye mu kombe moja, Eto'o mu maisha yote, Chitalu mu mwaka mumoja. Mwenye kusema kama mumoja anafuta wengine, anasema juu ya mapendo, si juu ya hesabu.

Kwa ekipe ya taifa, Chitalu alipiga magoli 79, na hakuna Muzambia mwingine amemufikia. Mara tano alichaguliwa mucheza bora wa mwaka mu inchi yake. Mu 1980 alienda mu michezo ya Olimpiki kule Moscow, na kule pia alipiga. Kisha akaacha kucheza, akaanza kufundisha. Mu 1993 alikuwa antrenere wa ekipe ya taifa.

Ekipe ile ilikuwa na nguvu. Wazambia waliamini kama itaenda mu Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani. Tarehe 25 mwezi wa ine 1993 ilishinda kule Mauritius 3-0. Kisha ikabaki kwenda Dakar kucheza na Senegal. Hakukuwa na ndege ya kulipia, wakapewa ndege ya jeshi, aina ya Buffalo, yenye haikuweza kwenda mbali bila kushuka kutia mafuta. Ilipaswa kushuka Brazzaville, Libreville, na Abidjan. Na ilikuwa imekaa miezi bila kuruka.

Usiku wa tarehe 27 mwezi wa ine, kisha kutoka Libreville, ndege ikaanguka mu bahari karibu na pwani. Watu 30 wenye walikuwa ndani wakakufa wote. Kati yao, wacheza 18. Chitalu pia, miaka 45. Kalusha Bwalya alibaki muzima juu alicheza Uholanzi, na alipaswa kwenda Dakar na njia yake mwenyewe.

Ripoti ya Gabon ilitoka mu 2003, miaka kumi kisha. Ilisema motere ya kushoto ilipata matatizo, na rubani akazima motere ya kuume, ile yenye ilikuwa muzima. Rubani alikuwa amechoka, juu siku moja mbele alirudisha ekipe kutoka Mauritius. Watu wa mungodi hawahitaji maelezo mingi hapa. Mashine yenye inajulikana kama si nzuri, mutu mwenye amechoka, na kazi yenye inapaswa kuendelea hata vile: ni hivyo ajali inakuja, chini ya udongo sawa na juu mu mawingu. Na familia za wale 30 zilingoja miaka kumi kusikia sababu.

Walizikwa wote pamoja ku Lusaka, kando ya kiwanja cha Independence. Mwaka mumoja tu kisha, ekipe mupya ya Zambia, na Kalusha ndani, ikafika finali ya Kombe la Afrika kule Tunis, ikapoteza 2-1 mbele ya Nigeria. Mwishoni, tarehe 12 mwezi wa pili 2012, Zambia ikakamata kombe kwa penalti mbele ya Côte d'Ivoire. Wapi? Ku Libreville, mu muji ule ule. Mbele ya finali, wacheza walienda ku pwani kuweka maua. Na ni mwaka ule ule wa 2012 wenye Messi alileta tena jina la Chitalu mu kinywa cha watu.

Je, 107 ni kweli? Wazambia walihesabu. Kosa la Chitalu halikuwa ku miguu. Hakukuwa na mutu mwenye kalamu na cheo cha kumuandika mbele ya dunia, wakati mambo ilikuwa bado ya moto. Mufanyakazi mwenye alitumika miaka 30, na siku ya kudai pensheni karatasi moja inakosekana, anaelewa hiyo vizuri.

Kwa hiyo, ninyi wenye kuongoza ekipe za Panda, za Shituru, za Kikula, kamateni kaye. Andikeni tarehe, ekipe, jina la mutoto na magoli yake, na muwekeshe sahihi ya arbitre. Labda mumoja wao ni Ucar wa kesho. Siku watakapouliza, msijibu na maneno tu.