Richard Trevithick, mtoto wa kapita

Kila mwaka, mwezi wa 4, katika muji wa Camborne kule Uingereza, watu wanawasha moto ndani ya mashini moja ya mvuke na kuitembeza barabarani. Hakuna kampuni inayowalipa. Ni watu wa kujitolea wa Trevithick Society, na mashini ile waliijenga upya, chuma kwa chuma, wakaimaliza mwaka wa 2001. Ya kwanza iliungua miaka 200 mbele yake.

Mwenye kuitengeneza, Richard Trevithick, alikuwa mutu wa mukoti kama siye. Alizaliwa mwaka wa 1771, inchi ya shaba na bati, baba yake kapita mukubwa. Masomo hakuyapenda, lakini mashini za kuvuta maji shimoni alizijua sana. Zilikuwaka kubwa kama nyumba. Yeye akaufunga mvuke kwa nguvu zaidi, mashini ikawa ndogo, ikaweza kujitembeza yenyewe. Tarehe 24 desemba 1801 ikapandisha watu mulimani pale Camborne. Siku chache nyuma yake ikaharibika njiani. Wakaenda kula na kunywa, moto wakauacha. Maji yakaisha, yote ikateketea!

Mwaka wa 1803 mashini yake ingine ikapasuka karibu na London, ikaua watu 4. Hapo akaongeza kizibo cha risasi: maji yakipunguka, risasi inayeyuka, mvuke unatoka mbele ya kupasuka. Siye wa sendika tunaona kazi hii ni kubwa kupita treni yenyewe.

Treni ikaja tarehe 21 februari 1804, Penydarren, katika Wales: tani 10 za chuma na watu 70, karibu kilometa 16, saa 4 na kidogo. Reli zikavunjika juu ya uzito.

Mwaka wa 1816 akaenda Peru kutoa maji katika mashimo ya feza. Vita ikamfukuza, akarudi 1827 mikono mitupu. Akaomba serikali imusaidie; wakakatala.

Alikufa tarehe 22 aprili 1833, Dartford, bila franga. Wafanyakazi wa atelie alimokuwa akitumika ndio walichanga makuta, wakamubeba na kumuzika. Juu ya kaburi hakukuwekwa jiwe, na leo mahali penyewe hapajulikani.