Grace Hopper na Lugha ya Kompyuta

Ukifika bandari ya Mwanza Kusini utaona mahali ambapo meli huvutwa nchi kavu ili mafundi wazitengeneze. Meli ya Victoria ilifanyiwa matengenezo makubwa hapo Mwanza, ikarudi ziwani mwaka 2020. Lakini ziko mashine zisizoweza kuvutwa nchi kavu. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990, nayo huizunguka Dunia ikiwa juu zaidi ya kilometa 400. Wanaanga waliitembelea mara ya mwisho mwaka 2009. Tangu hapo mafundi walioko chini wanaweza kubadili programu tu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta ya darubini, ambayo hupelekwa kwa redio. Ili ujue jinsi mtu mmoja anavyoweza kusoma na kurekebisha maagizo yaliyoandikwa na mwingine, huna budi kumjua Grace Hopper.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifungua saa ya mezani ili aone kinachozungusha mishale. Akashindwa kuiunga, akafungua nyingine, hata saa saba zikawa vipande vipande. Mama yake akamwachia moja tu. (Wewe usianze na saa ya mwalimu!)

Alipata shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1934, huku akiwa mwalimu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la majini, na mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi na kompyuta yenye urefu wa mita 15 na zaidi. Kompyuta hiyo ilipokea maagizo kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Fikiri: mtu mwingine akiutazama utepe huo aliona matundu tu. Mwandishi wake alipoondoka, nani angeweza kuurekebisha?

Hopper alitaka kompyuta yenyewe iwe mkalimani. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kugeuza maagizo kuwa tarakimu. Kisha akataka maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida. Aliambiwa kwamba kompyuta haielewi maneno, hakukubali. Kazi yake ikawa msingi wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kutungwa mwaka 1959.

Alipofundisha aligawa vipande vya waya vya sentimeta 30 hivi. Itazame rula yako: huo ndio mwendo wa nuru katika sekunde moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Kwa waya huo aliwaeleza maofisa kwa nini ujumbe wa setilaiti huchelewa.

Alistaafu jeshi mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Hubble ilikuwa imekwisha kaa angani karibu miaka miwili.

Darubini hiyo hujua imegeukia wapi kwa msaada wa jairoskopu, chombo chenye gurudumu lizungukalo mara 19,200 kwa dakika. Mwaka 2009 ilifungwa sita mpya. Kufikia mwaka 2024 tatu zilikuwa zimeharibika, na ya nne ilitoa vipimo vya uongo. Hakuna aliyeweza kwenda kuzibadili. Lakini wahandisi walikuwa wameandaa tangu zamani njia ya kuiongoza darubini kwa jairoskopu moja. Mwezi Juni 2024 wenzao waliorithi kazi hiyo waliitumia: jairoskopu moja ikafanya kazi, nyingine ikawekwa akiba, na Hubble ikaendelea kupiga picha za nyota.