Masinde Muliro na uzito wa kura moja

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Methali hii hunijia kila msimu wa uchaguzi nipitapo Ndalu, pale ambapo mashamba ya mahindi ya Bungoma yanapakana na yale ya Trans Nzoia. Wakati huo hapana ukuta, mlingoti wala kibanda cha sokoni kisichobandikwa picha ya mtu anayetabasamu. Huyu anataka uwakilishi wa wadi, yule ubunge, mwingine useneta, na wa nne ugavana. Wengi wao, wapandapo jukwaani, hulitaja jina la hayati Masinde Muliro kana kwamba waliachiwa na marehemu wosia wa kulitumia.

Jambo linalonitia wasiwasi si kutajwa kwa jina hilo, bali ni kwamba wanaolisikia hawajui lilibeba nini. Baadhi ya vijana ninaokutana nao katika kazi yangu ya ualimu humchanganya na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye pia alitoka upande wa Kimilili. Wengine hudhani Muliro ni jina la chuo kikuu kilichoko Kakamega na basi. Kwa hiyo naomba msomaji aniruhusu nisimulie kwa ufupi maisha ya mtu huyu, kisha tuulizane kama wanaojiita warithi wake wanastahili urithi huo.

Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Matili, karibu na Kimilili. Aliondokewa na wazazi wake angali mdogo, akalelewa na kaka yake. Alisoma katika shule za wamisheni wa Kikatoliki nchini Kenya na Uganda, kisha akasafiri hadi Afrika Kusini kujiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town.

Safari hiyo yafaa tuitazame vyema. Chama cha Makaburu kilikuwa kimetwaa serikali mwaka wa 1948 na siasa ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeanza kugeuzwa sheria. Katika Mkoa wa Cape, machotara waliokuwa na haki ya kupiga kura kwa miaka mingi walijikuta wakipigania majina yao yasifutwe katika daftari la wapigakura, kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 1951. Kijana kutoka Kimilili aliishi katika mji huo wakati huo. Mtu aliyeona kura ikipokonywa wenyewe mchana peupe hawezi kurudi nyumbani akaidharau kura.

Alirejea Kenya katikati ya miaka ya hamsini pamoja na mkewe, mzaliwa wa Afrika Kusini, akawa mwalimu. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952, na chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku. Hata hivyo serikali ya kikoloni, ikiona kwamba haiwezi kuwanyamazisha Waafrika daima, iliamua kwamba mwezi wa Machi 1957 Waafrika wangechagua wajumbe wanane wa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla ya hapo wajumbe wa Kiafrika walikuwa wakiteuliwa na Gavana.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura, na walioruhusiwa hawakuwa sawa. Kwa mpango uliotokana na mapendekezo ya Walter Coutts, mtu alipimwa kwa elimu yake, mapato au mali yake, na utumishi wake, akapewa kura 1, 2 au hata 3. Mkulima aliyesoma kidogo alikuwa na sauti moja. Jirani yake mwenye shahada na mshahara alikuwa na tatu. Kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru masharti yalikuwa makali zaidi, kwani ilibidi mtu athibitishe kwanza kwamba ni mwaminifu kwa serikali.

Muliro aliacha ualimu akajitosa katika kinyang'anyiro cha Nyanza ya Kaskazini. Mpinzani wake mkubwa alikuwa W. W. W. Awori, mwanahabari mashuhuri na kiongozi wa zamani wa KAU, ambaye tayari alikuwa mjumbe wa kuteuliwa. Awori hakuwa mtu wa kubezwa hata kidogo. Lakini mwaka huo wapigakura walikuwa na kiu ya sura mpya. Katika Nyanza ya Kati Oginga Odinga alimshinda Benaiah Ohanga. Katika Mkoa wa Kati Bernard Mate alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo. Na jijini Nairobi Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek. Muliro naye akamshinda Awori. Pamoja na Ronald Ngala, Lawrence Oguda, Daniel arap Moi na James Muimi, wakatimia wanane.

Tendo lao la kwanza lingefaa kufundishwa katika kila shule. Wanane hao walikataa kupokea nyadhifa za uwaziri katika serikali ya kikoloni, wakisisitiza kwamba katiba ibadilishwe kwanza na viti vya Waafrika viongezwe. Viti viliongezwa hadi 14 mwaka wa 1958. Ni watu waliokuwa wametoka kuchaguliwa juzi, wengi wao wakiwa vijana, na wakakataa gari na mshahara.

Ukweli wa mambo, hata hivyo, unatutaka tusimfanye Muliro malaika. Mwaka wa 1960 viongozi wa Kiafrika waligawanyika. KANU iliundwa mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni Ngala, Muliro, Moi na wenzao wakaunda KADU kwa hofu kwamba jamii kubwa zingezimeza ndogo. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa huru. KADU ikakubali, na Muliro akawa waziri. Wapo ambao hawakuisamehe KADU kwa hatua hiyo, na hoja yao si nyepesi.

Kisha likaja suala la mipaka, ambalo watu wa Ndalu na Kitale wanalielewa kuliko profesa yeyote. KADU ilitaka majimbo. Tume ya mipaka ilipozunguka nchini mwaka wa 1962, Muliro alidai Kitale na Trans Nzoia ziwe katika jimbo la Magharibi. Moi, mwenzake katika chama kile kile, alizitaka ziwe katika Bonde la Ufa. Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa. Chama kilichohubiri majimbo kama dawa ya hofu za kikabila kilijikuta kimeleta hofu mpya ndani ya nyumba yake chenyewe. Mpaka huo ulioamuliwa kwa kalamu ulibaki kuwa kidonda, na mapigano ya miaka ya mwanzo ya tisini katika Trans Nzoia na Mlima Elgon yalikitonesha kwa damu. Muliro aliipigania ardhi hiyo kwa nia njema kwa watu wake, lakini mwanasiasa anapoanza kuuliza ardhi ni ya kabila gani, huwa amewasha moto asioweza kuuzima peke yake.

KADU ilivunjwa mwaka wa 1964 na wafuasi wake wakaingia KANU. Baadaye Muliro aliwakilisha Kitale Mashariki Bungeni na akawa waziri katika serikali ya Kenyatta. Hapo ndipo tunapofikia siku iliyompa heshima asiyoweza kunyang'anywa.

Mwezi wa Machi 1975 J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge liliunda kamati teule ikiongozwa na Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipowasilishwa mwezi wa Juni, majina ya watu wawili wa karibu na Rais yalikuwa yameondolewa. Hata baada ya hapo serikali haikuridhika. Ilitaka Bunge lisiikubali ripoti, bali liizingatie tu. Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, mjadala huo ni somo zito. Tofauti ilikuwa ya kitenzi kimoja. Kukubali kunamfunga anayekubali. Anakiri kwamba aliyoyasoma ni kweli na kwamba kuna jambo la kufanywa. Kuzingatia hakumfungi mtu. Ripoti inayozingatiwa hutiwa kabatini pamoja na damu iliyoandikiwa.

Muliro alikuwa waziri. Kanuni ya uwajibikaji wa pamoja ilimtaka aunge mkono serikali au ajiuzulu kwanza. Yeye alipiga kura pamoja na wabunge wa viti vya nyuma, na manaibu mawaziri John Keen na Peter Kibisu wakafanya vivyo hivyo. Pendekezo la serikali lilishindwa kwa tofauti ya kura chache. Wote watatu walifutwa kazi mara moja. Anayesema kwamba alivunja kanuni hakosei. Lakini kanuni hiyo iliwekwa ili serikali ifanye kazi kwa sauti moja, haikuwekwa ili mauaji yafunikwe kwa sauti moja.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa 1991, mzee huyu aliyekaribia miaka sabini alijitokeza tena. Pamoja na Oginga Odinga, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz, alianzisha FORD, wakati ambapo kutamka tu kwamba nchi yahitaji chama cha pili kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapigakura walipangwa foleni nyuma ya wagombea na bado mwenye foleni fupi akaweza kutangazwa mshindi, ulikuwa umewachosha wananchi. Desemba 1991 kifungu kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa katika katiba.

Muliro hakuufikia uchaguzi aliouhangaikia. Tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi. FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, na upinzani uliogawanyika ukashindwa. Wengi hadi leo huamini kwamba angekuwa hai angewapatanisha wazee wenzake. Hilo hatuwezi kulithibitisha, lakini imani yenyewe yaonyesha watu walimwonaje.

Sasa turejee Ndalu kwenye picha zetu za ukutani. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, na kwa njia hiyo sehemu ya ndoto ya ugatuzi imetimia. Aidha mawaziri siku hizi si wabunge, kwa hiyo jaribu alilopata Muliro haliwezi kurudi kwa sura ile ile. Hata hivyo lina ndugu zake. Mwaka wa 2020 tuliona wabunge na maseneta wakivuliwa uongozi wa kamati kwa kutomtii mkuu wa chama. Katika mabunge ya kaunti, bajeti ya zahanati na barabara hupitishwa au kuangushwa na watu ambao jana walikuwa wakitupigia magoti.

Kwa hiyo, mgombea atakapokuja kwako na leso, sukari na jina la Masinde Muliro, usimwulize atakujengea nini, kwani jibu analo tayari kinywani. Mwulize atapiga kura gani siku ambayo kura hiyo itamgharimu cheo chake. Akisita, mshukuru kwa sukari yake, kisha umpe kura yako mwingine. Mwaka wa 1957 babu zetu walipimiwa sauti zao kwa kibaba, mmoja akapewa tatu na mwenzake akanyimwa hata hiyo moja. Sisi tunayo moja, sawa na ya tajiri. Itakuwa aibu kuiuza kwa bei ya leso.